Maji ya moto si ya kila mtu, sisi wenye MS yanatuangusha

Mhariri, salaam. Gazeti lenu linaingia nyumbani kwetu tangu marehemu baba yuko hai, lakini hii ndo mara ya kwanza nawaandikia, kwaiyo mnisamehe nikiruka huku na kule. Wiki mbili zilizopita kwenye ule ukurasa wa afya mliandika kwamba mtu mwenye ganzi, miguu mizito na uchovu usioisha aoge maji ya moto asubuhi na jioni, na mkasema yawe ya moto kadiri mwili utakavyostahimili ili mishipa ifunguke. Mama mkubwa wangu alikuwepo kwetu siku hiyo, akaisoma kwa sauti pale sebuleni mpaka mwisho, afu akavua miwani akaniambia "umeona mwanangu, hata gazeti linasema." Mi sikumjibu, mtu mzima yule. Ila usiku nlikosa usingizi nikaona hapana, hili lazima niandike.

Ninaishi Mbagala, nina miaka 34, nina mtoto mmoja wa miaka mitano, na ninaumwa ugonjwa unaoitwa multipo sklerosisi, wengi tunauita MS tu. Unashambulia ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu ya macho. Kinga ya mwili wako mwenyewe inageuka inakula ule utando unaofunika nyuzi za fahamu, utando wenyewe unaitwa mayelini. Hauambukizi. Wanawake tunaupata mara mbili mpaka tatu zaidi ya wanaume, na wengi unatukuta kati ya miaka 20 na 40, yani umri uleule wa kuzaa na kuhangaika na maisha. Hesabu ya mwaka 2023 ilisema tuko kama watu milioni 2.9 duniani. Huku kwetu tunaonekana wachache, lakini kuugundua kunataka MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, na hivyo vitu ukiwa wilayani unavisikia tu kwa watu, kwaiyo wapo wenzetu ambao mpaka leo wanatembezwa kwa waganga. Na dalili zake za mwanzo ndo hizohizo mlizoandika, ganzi, miguu mizito, uchovu usioisha. Mlipowaambia watu wa namna hiyo waingie kwenye maji ya moto mlikuwa mnatuambia sisi.

Ngoja niwaeleze yaliyonikuta.

Nilijifungua mwezi wa pili, Dar ikiwa inachemka. Mama mkubwa akaja toka Tanga na begi lake kuja kunilea mzazi, kama alivyowalea binti zake wote na wakwe zake. Ujauzito wenyewe ulikuwa mzuri mno, sijawahi kujisikia mzima vile, na baadae nimekuja kuelezwa kwamba wengi wenye MS hupata nafuu wakiwa wajawazito, hasa ile miezi mitatu ya mwisho, afu miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua ndo ugonjwa unarudi kwa kishindo. Mi wakati huo sikujua hata kama ninao. Nlichokuwa nacho ni stori ya jicho tu, mwaka mmoja kabla ya hapo jicho la kushoto liliniuma kila nikilizungusha, likafifia kama wiki tatu, nikaambiwa aleji, nikapewa dawa ya matone, likarudi lenyewe nikasahau.

Siku ya sita baada ya kujifungua nikawa nakandwa kama kawaida. Mnajua kukandwa kulivyo. Sufuria kubwa linatokota kwenye jiko la mkaa pale koridoni, ndani majani ya mwarobaini, taulo linachovywa linakamuliwa haraka haraka vidole visiungue, linabandikwa tumboni, kiunoni, mapajani, na mlango wa bafu umefungwa kwa sababu mzazi hatakiwi apigwe na upepo. Nimekaa kwenye kigoda, mvuke umejaa mpaka ukuta unatoa jasho. Taulo la kwanza lilikuwa tamu, nasema kweli, kiuno kilikuwa kinaniuma. Kwenye la tatu au la nne nikaona kanga ya mama mkubwa inabadilika. Ilikuwa kanga nyekundu, nyekundu ya kuiva, nikaiona inapauka kama imelala kwenye jiki usiku kucha, afu uso wake ukawa kama nauangalia nikiwa ndani ya chandarua. Nikaziba jicho la kulia kwa mkono. La kushoto lilikuwa linaona ukungu wa kijivu, basi. Nikataka kusimama, mguu wa kushoto haukusimama, nauona pale chini, nauambia inuka, hausikii. Nikaenda chini pamoja na kigoda, kiwiko kikagonga ukingo wa beseni.

Mama mkubwa akapiga yowe, "damu imempanda kichwani!", dada wa kazi akaja mbio, jirani akaja, na kwa kuwa wameona mzazi kazidiwa wakaongeza taulo, la moto zaidi, kichwani na mgongoni. Kila mtu pale alikuwa ananipenda. Nlikuwa nasikia wanasali huku wananikanda na mi najiona naisha, hata ulimi ukawa mzito siwezi kuwaambia waache.

Mume wangu ndo alinibeba akanilaza sebuleni kwenye tailizi za baridi akawasha feni, mama mkubwa nyuma yake analia upepo, upepo jamani mtamuua. Nusu saa haikuisha mguu ukaanza kusikia. Baada ya kama saa nzima kanga ikarudi kuwa nyekundu. Nlikuwa nimelala chini pale naiangalia inavyorudisha rangi polepole, na machozi yakanitoka maana nlishajiambia nimekuwa kipofu na mtoto wa siku sita.

Kesho yake tukakanda tena. Mama mkubwa alisema yale maji yamekuta ugonjwa ndani na sasa yanautoa, na mi nlimwamini, ningeanzaje kutomwamini mtu aliyelea wazazi kumi na kitu wote wakatoka arobaini salama? Ikawa kila jioni naishiwa miguu. Jirani mmoja akasema ni jini la baharini linataka ubani. Mwingine akasema presha. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme na ana tabia ya kuandika kila kitu, akawa anaandika kwenye simu saa niliyokandwa na saa niliyoanguka, na siku ya kumi na saba akamwambia mama mkubwa kwa adabu zote, "mama, naomba tumpumzishe maji siku mbili tu tuone." Siku zote mbili sikuanguka.

Mwezi wa tatu wa mtoto mguu ukafa ganzi bila maji ya moto wala nini, ukakaa hivo wiki kadhaa, ndo safari za hospitali zikaanza. Hospitali ya kwanza nikaambiwa ni stresi ya uzazi, nipumzike. Ya pili nikapewa vitamini. Ya tatu, baada ya kuuza pikipiki ya mume wangu, nikapigwa MRI ya kichwa na ya shingo ikaonyesha madoa. Daktari bingwa kabla hata hajanieleza hayo madoa akaniuliza, "mama, ukioga maji ya moto unajisikiaje?" Nililia pale ofisini kwake kama mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza mtu ananiuliza swali ambalo jibu lake ninalo.

Sasa kwa nini maji ya moto yanafanya hivi. Daktari alivyoanza kueleza mume wangu akaelewa kabla yangu, maana ni mambo ya waya. Uzi wa fahamu ni kama waya na mayelini ndo mpira wake. Pale mpira ulipochubuka umeme unavuja, taarifa ya ubongo inafika mguuni kwa shida lakini inafika. Mwili ukipata joto, ule mshtuko mdogo wa umeme unaopita kwenye uzi unakuwa mfupi zaidi, kwa sababu vilango vinavyopitisha sodiamu vinajifunga mapema. Mtu asiye na MS hasikii chochote maana nyuzi zake zina akiba kubwa, hata umeme ukipungua kidogo taarifa inapita tu. Kwenye uzi uliochubuka akiba hakuna. Taarifa inakatikia njiani na mguu unakaa kimya. Na joto lenyewe linalotosha kukata ni dogo mno, nusu digrii tu ya joto la ndani ya mwili, wengine hata robo digrii. Kati ya watu kumi wenye MS, sita mpaka nane wanasumbuliwa na joto, kwaiyo hii si yangu peke yangu.

Na wala si jambo jipya. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa wa MS ambao macho yao yalikuwa yanafifia wakitembea sana, yeye akadhani ni uchovu, baadae ndo ikajulikana ni joto linalopanda mwilini, na mpaka leo madaktari wanaliita jambo hili kwa jina lake. Kuna kingine kilichonishangaza zaidi. Kabla MRI haijaenea, mpaka kwenye miaka ya 1980, mtu akishukiwa ana MS madaktari walikuwa wanamuingiza kwenye maji ya moto makusudi, wanasubiri, wanaangalia kama macho yatafifia au mguu utalegea. Hicho ndo kilikuwa kipimo chenyewe! Wakaja kuacha kwa sababu MRI ilikuwa bora, na pia ziliandikwa habari za watu wachache ambao baada ya kipimo udhaifu haukuondoka upesi. Nlipoelezwa hivo nikawaza yale matokoteo ya koridoni kwetu, mama mkubwa bila kujua alikuwa ananipima MS kila jioni.

Hapa niseme vizuri nisije nikawatisha wenzangu. Joto halili mayelini. Linazima taarifa kwa muda, ukipoa zinarudi, kwa wengi ndani ya dakika kadhaa au saa chache. Ndo maana tunafundishwa kuhesabu saa 24. Dalili ikija na joto ikaondoka na baridi, poa, kunywa maji, lala. Dalili ikikaa siku nzima au zaidi na hujapata joto lolote, huna homa, wahi kwa daktari wako, hiyo inaweza kuwa mlipuko mpya wa ugonjwa na una matibabu yake.

Na homa ndo jambo ambalo kwa nchi yetu hii nataka lisikike sana. Malaria inakupandisha mpaka 39 au 40, na kwangu 37 na nusu tu inatosha kuniangusha. Mwaka juzi niliamka siwezi kutoka kitandani, miguu yote miwili imelala, mume wangu akajua MS imelipuka, tukataka kukimbilia steroidi, dawa za kutuliza mlipuko. Nesi mmoja wa zahanati ya mtaani, Mungu ambariki, akasema kwanza tupime. Malaria. Nikatumia dawa, homa ikashuka, nikasimama siku ya pili. Maambukizi ya mkojo nayo yanafanya hivohivo, na sisi wenye MS tunayapata sana. Kwaiyo ndugu mwenye mgonjwa wa MS nyumbani, akishindwa ghafla kutembea mpime joto, mpime malaria na mkojo, na huku unampoza, usimfunike blanketi.

Turudi bafuni, maana huko ndo kuna hatari yenyewe. Ya kwanza ni kuanguka, sakafu ina sabuni, mguu umezima, jicho limefifia, mlango umefungwa kwa ndani. Mi sa hivi sifungi komeo, naning'iniza kanga mlangoni wanajua nipo, na ninaogea nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Ya pili ni kuungua. MS inaweza kukuondolea uwezo wa kujua maji ni ya moto kiasi gani, na hili watu wanalichanganya, wanadhani mtu anayeshindwa joto ndo atalisikia zaidi. Mguu wangu wa kushoto hausikii joto kabisa. Siku moja nilitumbukiza mguu kwenye beseni ambalo dada alikuwa ameandaa kwa ajili ya vyombo vyenye mafuta, nikakaa nao mle naendelea kuongea na simu, mwanangu ndo akaja akagusa maji akaruka, "mama maji ya motooo." Nilipotoa mguu ngozi ya juu ilikuwa imeshaanza kuvimba malengelenge. Wiki tano za kidonda. Sikusikia hata chembe. Toka hapo maji yangu yanapimwa na mkono wa kulia, ambao bado mzima, au kiwiko, kama tunavyopima ya mtoto mchanga, na mtu mwingine akiwepo anapima yeye.

Ile makala yenu ilisema pia kuhusu kufukiza nyungu. Tangu 2020 watu wengi wamezoea, mafua kidogo mtu yuko chini ya blanketi na sufuria. Kwa mwenye MS nyungu ni maji ya moto na zaidi, maana mvuke ule umefungiwa na jasho halina pa kwenda. Jasho linapoza mwili pale linapokauka, kwenye unyevu halikauki. Ndo maana pia hapa pwani tunateseka kuliko mtu wa Iringa au wa Lushoto. Mwezi wa pili na wa tatu Dar inafika digrii 32, ukisikia mtu anasema mbona Dodoma nako kuna joto ni kweli, lakini kule jasho linakauka, huku unashinda umelowa na mwili haupoi.

Bahari nayo watu wananiambia nenda kaogelee, maji yanasaidia miguu. Yanasaidia kweli, nisikatae, maji yanakubeba na mtu anayeyumba anaweza kufanya mazoezi bila kuanguka. Ila bahari yetu mwezi wa tatu inafika 29, 30, na jua la saa saba liko utosini. Mi naenda mwezi wa saba na wa nane ikiwa imeshuka 25 au 26, asubuhi saa kumi na mbili, narudi kabla jua halijakaza. Chama cha wagonjwa wa MS cha Marekani kinasema bwawa la mazoezi kwa mtu kama mimi liwe kama 27 mpaka 29. Mabwawa ya tiba yanayopashwa kwa ajili ya wenye baridi yabisi yanazidi 33, na huko ndiko nilikopelekwa mwanzoni na fizio mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye alikuwa na nia njema kabisa, dakika kumi tu wakanitoa watu wawili. Kwaiyo ukiambiwa bwawa la tiba uliza namba. Neno "vuguvugu" kila mtu ana lake, vuguvugu la mama mkubwa mi kwangu ni la kunyonyolea kuku.

Sasa mtu ataniuliza, basi wenye MS msioge? Tunaoga. Maji ya bombani kama yalivyo, au yaliyovunjwa baridi kidogo, chini ya joto la mwili wako. Maji ya barafu nayo usikurupuke, kuna wenzetu baridi kali inawakakamaza misuli, mguu unakuwa mgumu kama mti na unaruka ruka, mi mwenyewe msimu wa kipupwe asubuhi inanikuta hiyo. Unaanza na ya kawaida, unateremka polepole. Mi kabla ya kazi yoyote ya nguvu najipoza kwanza, najimwagia, nalowesha kanga naikamua naivaa shingoni, na inafanya kazi kuliko kusubiri nipate joto ndo nihangaike. Nchi za wenzetu wana fulana maalum za kupoza, ubunifu uliotokana na mavazi ya wanaanga wa NASA, bei yake sitaki hata kuisema. Mi nina kandoro, maji ya kwenye vifuko vya nailoni. Za shilingi mia mia, zile ndefu, nagandisha kumi jioni, mbili naziweka kwenye mifuko ya dera, moja nanyonya. Msicheke, maji ya baridi sana watafiti wa Sydney waliwapa watu wenye MS wakiwa wanaendesha baiskeli kwenye chumba cha joto, na wakaweza kuendesha muda mrefu kuliko walipopewa maji ya joto la mwili. Kandoro ni maji ya baridi sana. Umeme ukikatika nahamia kwenye mtungi.

Kupika ndo kulikuwa kunanimaliza, jiko la mkaa, chapati, mwezi wa Ramadhani. Sasa napika alfajiri, nimekaa, mlango wazi, na mume wangu amejifunza chapati, zinatoka ramani ya Afrika lakini zinaliwa.

Kinachouma zaidi ya joto lenyewe ni kutoaminiwa. Kwa macho mi ni mzima. Saa mbili asubuhi nimetembea mwenyewe, nimeongea, nimecheka, saa nane nimekaa nusu saa kwenye daladala iliyojaa na foleni haisogei, nikishuka nayumba kama mlevi na maneno yanakwama. Konda mmoja alinitukana akasema nimekunywa mchana wote huu, na watoto ninaowafundisha sandei skuli walikuwa pale kituoni. Kazini nilipokuwa zamani niliomba nikae karibu na feni, bosi akasema kila mtu anasikia joto, na ni kweli kila mtu analisikia, lakini yeye likimpata anatoa leso anafuta jasho anaendelea, mi likinipata sioni herufi kwenye kompyuta. Sikuomba kiyoyozi. Niliomba kusogeza meza. Nikaacha kazi mwezi wa tatu maana nlikuwa narudi nyumbani nimebebwa.

Kwa manesi wa kliniki ya mama na mtoto nina ombi. Mnatuuliza damu, mnatuuliza maziwa, mnatuuliza kitovu cha mtoto. Mzazi akiwaambia "nikikandwa naishiwa nguvu, macho yanaingia kiza", msimjibu ni uzazi, muulizeni jicho liliwahi kumsumbua, ganzi aliwahi kupata, afu mwandikieni rufaa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa mara ya kwanza, tatu, moja wapo rituksimabu, na dawa hizi zinasaidia zaidi zikianza mapema. Mi nilichelewa karibu mwaka kwa sababu kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa wangu. Mguu niliokuwa naupoteza kwa saa moja nikikandwa, sasa hivi umebaki dhaifu moja kwa moja, nikitembea unaburuza ncha ya kiatu.

Na kwa kina mama wakubwa na mashangazi wanaotulea, sisemi muache kukanda. Mmelea watu kwa mikono ile na mi mama mkubwa wangu simdai kitu, alikaa kwangu siku arobaini, halali, anapika uji wa pilipili manga saa kumi usiku. Nasema mzazi akikuambia maji yanammaliza nguvu, simama, fungua mlango, mwache apoe, na kesho mpelekeni hospitali kabla hamjachemsha mengine.

Mhariri, ninachoomba kwenu ni kimoja. Ile makala ilikuwa ukurasa mzima na picha ya beseni linalotoa moshi. Naomba mwandike tena, ukurasa uleule wa afya, kwamba mtu mwenye ganzi na miguu mizito asianze na maji ya moto, aanze na daktari, na kwamba mwenye MS joto linamzima. Mwandike kwa herufi kubwa kidogo. Mama mkubwa yuko Tanga sasa, analinunua gazeti kila Jumatano kwenye kibanda cha pale stendi, na amesema mwezi wa kumi na mbili anakuja kumkanda mdogo wangu anayetarajia kujifungua. Mdogo wangu tangu mwezi wa tano anasema vidole vya mkono wa kulia vina ganzi.

Wenu msomaji,
Mama wa mtoto mmoja, Mbagala, Dar es Salaam